Kelele za Kitinda

Kitinda alikufa Alhamisi, akazikwa Jumamosi, na Jumatatu asubuhi dada yake alikuwa kazini. Alikuwa amepiga magoti mbele ya piano ya hoteli moja, ufunguo wa kukazia nyuzi mkononi, mkoba wa vifaa wazi sakafuni. Meneja akapita, akasita.

"Fundi, mbona tulisikia umefiwa?"

"Ndiyo, nimefiwa."

Akagonga noti ya "la", akainamisha kichwa, akasikiliza, akakaza uzi kidogo. Meneja akaenda zake. Saa tano kazi ikawa imekwisha. Fundi alipofika nyumbani hakukumbuka kama piano ile ilikuwa nyeusi au ya rangi ya mbao.

Watu wote walimwita Fundi, hata mama yake mzazi. Alikuwa na miaka hamsini na mmoja, hajaolewa, na alifanya kazi aliyofundishwa na marehemu baba yake: kusawazisha sauti za piano za shule, za hoteli, na za watu wachache walionunua piano kwa ajili ya watoto, watoto wakakua wakaondoka, piano zikabaki kuwekewa picha juu. Sikio lake lilikuwa la ajabu. Nyuzi mbili zikipishana kwa unywele tu, yeye alisikia zinavyosukumana, wau-wau-wau, naye hakutulia mpaka zikubaliane. Angeweza kukwambia feni yako ya dari inalia noti gani, na kwamba imeshuka tangu mwaka jana.

Kitinda alikuwa mdogo wake wa pekee, wa kike, kitinda mimba, na jina likamkalia. Walipishana miaka kumi na tisa. Mama yao alijifungua amechoka, kwa hiyo Fundi ndiye aliyembeba mgongoni yule mtoto, akamwogesha, akamfundisha kufunga kamba za viatu. Akakua akawa mrefu, mcheshi, mwenye sauti ndogo ya upole, akaajiriwa kusoma mita za maji. Kutwa alizunguka nyumba kwa nyumba na daftari lake, akipiga hodi, akisemwa na watu kana kwamba maji anayauza yeye. "Mbwa wa mji huu," alikuwa akisema, "wananijua kuliko mama zao." Homa ya uti wa mgongo ilimchukua kwa siku nne. Jumapili alilalamikia shingo, Alhamisi hayupo.

Lakini alikuwa na jambo lake jingine. Kila Jumamosi mchana, katika stoo iliyo nyuma ya duka la matairi, Kitinda aliimba kwenye bendi. Kuimba ni neno la kumstahi. Walipiga muziki wa metali, tena ule mkali kabisa: magitaa yaliyolegezwa nyuzi hadi yakanguruma, ngoma zinazokwenda mbio kama cherehani iliyopandwa na wazimu, na juu yake sauti ya Kitinda, ambayo ukiisikia usingedhani ni ya binti wa mtu. Ilitoka chini, nzito, ya kukwaruza, kama mtu anaburuta kabati la chuma kwenye sakafu ya saruji.

Fundi alikwenda kumsikiliza mara moja tu, miaka minane nyuma. Wimbo wa pili haujaisha, akatoka nje. Kitinda akamfuata, jasho linamchuruzika, uso umemchangamka.

"Vipi, dada?"

"Unaliharibu koo ulilopewa na Mungu. Kelele tupu hizo."

Kitinda akacheka, akasema, "Haya, dada," akarudi ndani. Hawakugombana. Waliendelea kula pamoja kwa mama kila Jumapili, wakazungumza habari za watu, za bei, za mbwa. Habari za bendi hazikuguswa tena na yeyote kati yao.

Wiki ya pili baada ya mazishi walikuja wageni wawili nyumbani kwa mama. Mmoja alikuwa mwanamume mnene, mpole, mwenye mikono midogo. Alitengeneza meno ya bandia, na ndiyo sababu wenzake walimwita Meno. Alikuwa mpiga ngoma wa bendi. Mwingine alikuwa mwanamke mwenye miwani, mwalimu wa hesabu wa sekondari, na yeye ndiye aliyepiga gitaa. Waliamkia, wakatoa pole, wakakaa kwenye ncha za viti kama watu waliokuja kuomba kazi.

Meno ndiye aliyeanza. "Mama, tulikuwa tunarekodi albamu. Nyimbo nane. Sisi tumemaliza sehemu zetu. Sauti ya Kitinda alikuwa anairekodi mwenyewe, chumbani kwake, na kompyuta iko huko. Tulikuwa tunaomba..."

"Mnaomba nini?" akadakia mjomba, mdogo wake mama, ambaye tangu msiba alikuwa amepiga kambi pale sebuleni. "Kwanza ninyi ndio mliomharibu. Mtoto mzima, ana kazi ya maana, anabweka! Chumba kinarudishwa kwa mwenye nyumba mwisho wa mwezi. Vitu vya maana vitagawiwa. Hayo madude mimi mwenyewe nitayafuta, yasije yakasikika mtaani watu wakasema huyu ndiye yule binti wa fulani."

Meno alitazama viatu vyake.

Mama alikuwa amekaa, mkono shavuni. Tangu mazishi alikuwa anaongea kidogo, na akiongea anaongea kama anasoma maandishi yaliyo mbali.

"Fundi," akasema. "Wewe ndiye mwenye sikio. Baba yako alikuwa akisema hivyo, na mimi nimekubali. Nenda kasikilize. Ukiniambia ni muziki, wapewe wenzake. Ukiniambia ni kelele, mjomba wako afute."

"Mama, mimi si—"

"Kasikilize."

Fundi akasema sawa. Hakujisikia ametwishwa mzigo wala kupewa heshima. Alijisikia kama alivyojisikia tangu siku ile hospitalini: kama mguu uliokaliwa muda mrefu ukafa ganzi, unauona uko pale, ni wako, ukiubonyeza haujibu.

Kesho yake akaenda kwenye chumba cha Kitinda. Kitanda kilikuwa kimetandikwa. Aliyekitandika sijui nani. Buti za kazini zilikuwa mlangoni, zina matope yaliyokauka. Kabati la nguo lilikuwa wazi, na ndani yake, kati ya magauni na makoti, ilining'inia maikrofoni kwenye waya. Kumbe alikuwa anaingia kabatini kurekodi, nguo zimeze sauti, majirani wasije wakadhani anachinjwa mtu. Fundi alilitazama kabati lile kwa muda. Kisha akachukua kompyuta, akafunga mlango.

Alisikiliza kwenye karakana yake, mchana, kwa siku tatu. Karakana ilijaa piano zilizovuliwa mbao, nyuzi nje nje. Alivaa spika za masikioni, akaweka mbele yake penseli, kalenda ya mwaka uliopita ya kuandikia nyuma, na kile kidude cha kupimia mwendo wa muziki, chenye mkono unaokwenda huku na huku.

Siku ya kwanza hakusikia chochote ila ukuta. Aliandika kwenye kalenda: "Kelele." Akaacha, akanywa chai iliyopoa, akarudia tena kwa kuwa hakuwa na jingine la kufanya.

Mara ya nne au ya tano akajikuta anahesabu. Ilikuwa mazoea tu ya kazi. Akahesabu mapigo ya wimbo wa kwanza: tisa, tisa, tisa, saba. Akadhani wamekosea. Baadaye kidogo tena: tisa, tisa, tisa, saba. Na tena, karibu na mwisho, bila kupungua hata nusu. Akawasha kile kidude, akakipeleka kasi mpaka kikakaribia kuruka mezani, akakilinganisha na miguu ya Meno kwenye ngoma kubwa. Kwa dakika nne nzima yule mtengeneza meno hakuteleza hata mara moja. Fundi alikuwa amewasikia wapiga piano wengi wa hotelini, waliovaa suti, wasioweza kushika mwendo kiasi hicho kwa dakika moja.

Halafu magitaa. Alidhani yamelegezwa ovyo. Akachukua uma wake wa chuma, ule unaotoa noti moja, akaanza kulinganisha. Yalikuwa yameshuka sana, lakini yote kwa kipimo kimoja, safi kama maji. Na pale alipokuwa anasikia uchafu, palikuwa na noti mbili jirani zilizobanwa pamoja makusudi, zikisukumana, wau-wau-wau. Jambo lile lile ambalo yeye amelipwa miaka thelathini kuliondoa, hawa walikuwa wanalipanda kama mche.

Sauti ya Kitinda aliiacha mwisho. Ilikuwa kwenye mafaili ya peke yake, bila vyombo. Alibonyeza faili la wimbo wa tano. Kwanza kukawa na kimya cha kabatini, na hanga linagongana na hanga. Kisha Kitinda, kwa sauti yake ya kawaida, ile ndogo, akajisemea: "Ngoja, maji kidogo." Akanywa. Ikasikika akimeza. Akacheka peke yake, sijui kwa nini. Halafu akavuta pumzi, na ile sauti nyingine ikatoka.

Fundi akaurudisha mwanzo. Maji kidogo. Kumeza. Kicheko. Pumzi. Akaurudisha tena. Alijua kwamba hapa ndipo mtu anapolia, akangoja. Machozi hayakuja. Alichokiona ni pumzi: ndefu, ya tumboni, iliyokatwa mahali pale pale kila mstari, na koo halikukwaruzwa hata kidogo, maana baada ya dakika sita za kunguruma Kitinda alisema "Basi" kwa sauti laini kama ya asubuhi. Lile koo halikuwa limeharibika. Lilikuwa limefunzwa. Fundi akachukua kalenda akaandika hivyo, kwa mwandiko wake wa kawaida: "Koo limefunzwa."

Alichokosa ni maneno. Hakuelewa hata moja. Kwa hiyo Jumamosi akaenda kule kwenye stoo, nyuma ya duka la matairi. Meno na Mwalimu walikuwepo, vyombo vimewashwa, hakuna anayepiga. Harufu ya mpira mpya ilijaa mle ndani. Meno akamwekea kiti.

"Shikamoo, dada. Umesikiliza?"

"Marahaba. Nimesikiliza. Wimbo wa tatu ni mbaya."

Wale wawili wakatazamana.

"Hauna kitu," Fundi akaendelea. "Mnakimbia tu. Mnajificha nyuma ya kasi. Ule wa saba nao ni mrefu bure. Lakini wa kwanza umejengwa, na wa tano... Wa tano unasema nini?"

Mwalimu alikuwa anatabasamu kwa mara ya kwanza, tabasamu la kuuma. "Kitinda naye aliukataa wa tatu. Maneno hayo hayo. Mnajificha."

Akamletea daftari. Lilikuwa la kusomea mita, lile lile la kazini. Mbele namba za nyumba, nyuma mashairi. Wimbo wa tano uliitwa "Mita Iliyosimama." Fundi akausoma akiwa amesimama. Ulieleza habari ya nyumba moja ya mwisho wa barabara, ambako mzee mmoja aliishi peke yake. Msoma mita anakuja mwezi huu, anaandika namba. Anakuja mwezi unaofuata, namba ni ile ile, haijasogea hata tone. Anafurahi, anajisemea mzee kasafiri. Anapiga hodi kwa desturi tu. Kisha anasikia harufu. Ubeti wa mwisho haukuwa na maneno ila ile namba ya kwenye mita, tarakimu tano, zikirudiwa moja moja.

"Hii ni kweli?" Fundi akauliza.

"Ni yeye aliyemkuta," alisema Meno. "Mwaka juzi. Hakuwaambia nyumbani?"

"Hakutuambia."

"Alikuja hapa siku hiyo hiyo, na buti zake. Akakaa hapo ulipo. Baadaye akasema, pigeni kitu chochote, polepole."

Fundi akafunga daftari. "Lakini kwa nini hivi? Ana maneno mazuri, ana pumzi. Kwa nini asiyaimbe watu wakaelewa?"

Meno akafikiri. Hakuwa mtu wa maneno. "Dada, mimi natengeneza meno. Meno mazuri ni yale ambayo mtu haoni kama yametengenezwa. Lakini lile pengo lipo, chini yake. Sisi hapa tunapiga pengo." Akaona haya. "Sijui kama nimeeleza. Yeye alisema akiimba kwa sauti nzuri, yule mzee atakuwa kama amelala. Na hakuwa amelala."

Fundi akawaomba wapige wimbo wa tano, bila sauti. Wakapiga. Spika zilikuwa hatua tatu kutoka kwake. Kelele ile ilimwingia kifuani, ikatikisa mbavu, ikatikisa meno, ikatikisa kiti. Hakusikia huzuni. Alisikia mbavu zake, kwamba anazo. Ilikuwa mara ya kwanza tangu hospitalini asikie kiungo chochote. Wimbo ulipokwisha akashukuru, akaenda kupanda gari.

Jumapili walikaa kwa mama: mama, mjomba, na Fundi mwenye kalenda yake.

"Haya, hakimu," mjomba akasema. "Tuambie. Muziki au kelele?"

"Muziki."

"Mzuri?"

"Mwingine mzuri, mwingine mbaya. Wimbo mmoja ningeutupa."

Mjomba akapiga mkono juu ya paja. "Umeona? Hata wewe!"

"Mjomba, sikiliza. Mlango ukibamizwa na upepo, unaweza kusema umekosea? Kelele haina kosa. Huwezi kuikosoa. Mimi nimekaa siku tatu nakosoa: hapa wamechelewa, hapa wamerefusha, hapa wamepatia. Ukiweza kukosea na ukaweza kupatia, hiyo ni kazi ya sanaa. Mimi siipendi, nakwambia ukweli. Sitaisikiliza nikipika. Lakini ni kazi, na imefanywa na mtu anayejua."

"Muziki ni wa kumpa mtu raha," mjomba alisema, sauti imeshuka kidogo. "Kumtuliza mtu. Huu unamtuliza nani?"

"Ulimtuliza yeye."

Akamsomea mama daftari, kuanzia mwezi wa kwanza wa mita hadi zile tarakimu tano. Alisoma bila kupandisha wala kushusha, kama anavyosoma orodha ya vipuri. Alipomaliza, mjomba alikuwa anatazama dirishani.

"Mwaka juzi," mama akasema taratibu. "Kuna wiki hakula. Nilimpikia, akawa anasogeza sahani. Nikamwambia, una mwanamume aliyekuacha. Akasema ndiyo, mama." Akanyoosha mkono. "Nipe nisikie."

Fundi akamvalisha spika za masikioni, juu ya kitambaa cha kichwa, akabonyeza. Mama alisikiliza wimbo wote wa tano, dakika sita, mikono imelala mapajani. Alikunja uso mara moja tu, mwanzoni. Ulipokwisha akavua spika mwenyewe.

"Anaumwa?" akauliza. "Koo lilikuwa linamuuma akifanya hivi?"

"Hapana, Mama. Halikumuuma."

"Basi wapewe wenzake."

Mjomba hakupinga. Aliinuka, akasema atakuja Jumatano kusaidia kubeba kitanda.

Albamu ilitoka baada ya miezi mitano, nyimbo saba, wa tatu umeondolewa. Waliosikiliza hawakuwa wengi. Mtu mmoja kutoka nchi ya mbali aliandika kwamba hakuelewa lugha lakini alisikiliza zile tarakimu tano mara nyingi akiwa ndani ya gari, hajaliwasha. Mwingine aliandika kwamba ni takataka. Mwalimu alimtumia Fundi maoni yote mawili, naye akayasoma yote mawili. Mafundi wenzake walipopata habari walimtania kidogo, wakamuuliza lini ataanza kulegeza piano za watu. Naye akawajibu kwamba nyingi tayari zimelegea zenyewe.

Hakulia. Watu wa nyumbani walingoja, wakachoka kungoja. Aliendelea na kazi, shule hii na hoteli ile, na pole pole akaanza kukumbuka rangi za piano alizozishika. Nyeusi. Nyeusi. Ya mbao, imechubuka mguu. Siku nyingine alikumbuka hadi sura ya mtu aliyemfungulia mlango. Na mara mbili tatu, akiwa karakanani, alibana noti mbili jirani kwa vidole akaziacha zisukumane mpaka zikafa zenyewe, halafu akaendelea na kazi.

Mwaka ulipokaribia kwisha alimpeleka mama kliniki kupimwa presha. Muuguzi alikuwa kijana mchangamfu, anayeongea na kila mgonjwa kama shangazi yake.

"Bibi, una watoto wangapi?"

"Wawili. Huyu fundi wa piano. Na mdogo wake mwimbaji."

Mwaka mzima ule, akiulizwa habari za Kitinda, mama alikuwa akisema "msoma mita." Fundi akageuza kichwa, akamtazama.

"Mwimbaji! Anaimba nyimbo gani, bibi?"

Mama akafikiri, mkono wake umefungwa kile kitambaa kinachojaa upepo.

"Ngumu," akasema. "Lakini amejifunza."

"Hongera yake," muuguzi akasema. Akaachia upepo, akatazama kipimo, akaandika namba kwenye kadi, akawaambia presha iko sawa, warudi baada ya mwezi.